Kiangazi Bila Dani

Ijumaa, 1 Julai 2011

Nimerudi Doha jana kutoka Ugenya, kwetu Kenya, ambako nimemzika mama yangu. Mlango wa ndege ulipofunguliwa joto lilinipiga usoni, na neno la kwanza lililonijia ni lake: "Nani tena ameacha jiko wazi?" Alilisema kila kiangazi, kila tulipotoka nje, kwa miaka sita. Mwishowe mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Jana nilicheka peke yangu pale kwenye ngazi za ndege, na kijana aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama niko sawa.

Omondi alikuja uwanjani na watoto. Hawakusafiri nami kwa sababu siku ile nafasi ilipatikana moja tu. Bradley, ambaye ana miaka tisa, alinisalimia kwa mkono kama mzee wa kanisa. Tiffany alining'ang'ania shingoni. Nilipompapasa kichwa akajivuta nyuma.

"Usiguse. Hizi ni za Dani."

Dani ni bibi kwa lugha yetu ya Kijaluo. Asubuhi aliyosafiri Mama, mwanzoni mwa mwezi wa sita, alimkalisha Tiffany katikati ya magoti yake uani akamsuka mistari myembamba inayoanzia kwenye paji la uso na kukutana utosini. Alikuwa anakwenda nyumbani kupumzika tu, arudi kabla shule hazijafunguliwa. Kiharusi kikamkuta shambani.

Nywele zile sasa zina mwezi. Zimeanza kufumka kando ya masikio.


Jumapili, 3 Julai

Nimerudi wodini. Wenzangu wamenipa pole. Nimepima watu presha kutwa, na kila mgonjwa mzee nimemshika mkono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.


Jumanne, 5 Julai

Chumba cha Mama bado kimefungwa. Ufunguo nimeutundika jikoni, na swichi ya AC yake nimeizima hukohuko, maana hakuna anayeingia.

Chumba hiki kina historia. Tunaishi Al Mansoura, kwenye vila iliyogawanywa kati ya wapangaji, na sehemu yetu ina chumba kidogo uani ambacho zamani kilikuwa cha dereva. Tiffany alipokaribia kuzaliwa, mwaka 2005, nilimwomba Mama aje anisaidie. Ukoo wote ulishtuka. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hawali pamoja, hawakai wakatazamana, na heshima hiyo haina mchezo. Mama akauliza swali moja tu kwenye simu: "Hicho chumba cha dereva, paa lake limeungana na la kwenu?"

Nikatoka nje nikaangalia. Halikuungana. Kulikuwa na upenyo wa kupitisha mkono.

"Basi ninakuja," akasema.

Kwa miaka sita hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana, yeye na Omondi. Walizungumza kupitia watoto. Mama angesimama mlango wa jikoni, uso ameuelekeza kwenye friji, na kusema, "Bradley, mwambie baba yako samaki wa leo ana miiba." Omondi naye, kutoka sebuleni: "Bradley, mwambie Dani ahsante, nimeiona." Kabla Bradley hajajua kupeleka ujumbe walimtumia hivyohivyo, mtoto wa miaka mitatu anatazama huku na huku kama anaangalia mpira. Tulipopata wageni Wazungu kutoka ofisini kwa Omondi walidhani wamegombana.

Tangu nirudi Omondi hajamtaja Mama hata mara moja. Alinipa pole mlangoni, akabeba sanduku langu. Basi.


Jumamosi, 9 Julai

Nyuzi joto zimepita arobaini na tano. Tumeshinda ndani. Tiffany amekataa kuoshwa kichwa.


Ijumaa, 15 Julai

Leo alikuja Shamira. Ni Mganda wa Masaka, anafanya kazi za nyumbani kwa familia moja mtaa wa pili, na Ijumaa zake za mapumziko alikuwa akizitumia uani kwetu. Mama alikuwa akiwasuka wasichana wa namna yake, wawili watatu kila Ijumaa, Wakenya na Waganda, wanakaa kwenye mkeka wanacheka mpaka mwenye bakala, lile duka dogo la jirani, anachungulia ukutani. Mimi Ijumaa huwa ama kazini ama usingizini. Sikuwahi kukaa nao.

Shamira hakupiga hodi. Alianza kulia akiwa bado getini. "Mama yangu! Mama yangu mimi!" Alipiga magoti mbele ya mlango wa chumba cha Mama, akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Tiffany alisimama akimtazama, kidole mdomoni.

Nitaandika ukweli hapa: nilichukia. Mimi niliyemzaa yule mama sikuwa nimelia hivyo hata kaburini, nikiwa na mchanga mkononi. Nilimletea maji, nikasimama huku nimekunja mikono.

"Dada Carolyne," akasema, "mama yetu alisema ataniletea nguo ya kitenge kutoka kwenu Siaya."

Mama yetu. Nikamwambia nina zamu jioni, lazima nijiandae. Haikuwa kweli.


Jumatatu, 18 Julai

Nimesoma niliyoandika Ijumaa na kuona nimeandika upuuzi, eti "niliyemzaa yule mama". Yeye ndiye aliyenizaa. Kichwa changu hakiko mahali pake. Nitaacha hivyohivyo.


Ijumaa, 22 Julai

Bradley ameniuliza Dani alikuwa nani kabla ya kuwa Dani.

Nikamsimulia. Jina lake Jerusha. Alifiwa na mume nikiwa na miaka minne, akapata kazi ya mpishi katika shule ya bweni ya wasichana. Jikoni mle alikuwa na masufuria makubwa ambamo mtoto wa kimo changu angeweza kuoga. Alikuwa akikoroga uji kwa mwiko mrefu kama kasia, huku anaimba sauti ya pili, kwa sababu kwenye kwaya aliimba sauti ya pili na hakupenda kuibadilisha hata akiwa peke yake. Kwa hiyo nyimbo za kanisa nilizijua kwa sauti ya pili kwanza. Nilipozisikia kanisani zikiimbwa vizuri nilidhani watu wamekosea.

Mwaka mmoja maharagwe yaliyoletwa yalikuwa na wadudu. Mama alimweleza mwalimu mkuu, akaambiwa apike tu, wasichana hawataona. Akapika. Lakini saa ya chakula akajaza sahani moja, akaipeleka nyumbani kwa mwalimu mkuu, akaiweka mezani mbele yake na mbele ya wageni wake, akavuta kiti.

"Leo tunakula wote," akasema. "Mimi nimeshaanza."

Na akala kijiko kimoja, anamtazama.

Bradley aliuliza, "Akafukuzwa?"

"Hakufukuzwa. Maharagwe ndiyo yaliyofukuzwa." Miaka miwili baadaye wasichana waligoma kwa sababu nyingine, wakavunja vioo vya ofisi na vya bwalo. Jikoni hawakugusa. Walipanga mstari mlangoni kwa Mama, mikono imeshikana, mpaka polisi walipokuja.

Sikumwambia Bradley lile linalonijia sana siku hizi. Nilipofika kidato cha kwanza katika shule ileile, Mama alinipakulia mimi ugali mdogo kuliko wote. Mwaka mzima. Hakutaka msichana yeyote aseme mtoto wa mpishi anapendelewa. Nilimkasirikia. Likizo ikifika, siku ya kwanza tu, angenipikia kuku mzima, akakaa kunitazama nikila, yeye haonji.

Omondi alikuwa anasikiliza akiwa sebuleni. Nilipofika hapo kwenye maharagwe alinyanyuka akatoka nje. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa ameshika mpira wa maji anamwagilia makopo ya rangi ambayo Mama alipandia osuga, yaani mnavu, na sukuma. Hakuna jani hata moja lililobaki hai.

"Unamwagilia udongo?" nikamwambia.

"Upo moto," akajibu, akaendelea.


Jumatatu, 1 Agosti

Ramadhani imeanza. Mchana mtaa umetulia. Omondi anatoka kazini mapema.


Alhamisi, 4 Agosti

Vumbi tangu asubuhi. Minara ya West Bay haionekani kabisa, na Omondi, anayefanya kazi huko, anasema walikuwa kama ndani ya gunia. Tiffany anajikuna. Nywele zimejifunga mabonge kisogoni, na nimeona kidonda kidogo nyuma ya sikio. Nikimkaribia na kichana anapiga kelele majirani wanasikia.


Jumatano, 10 Agosti

Naandika yote, nisije nikayapunguza baadaye.

Leo nilikuwa na mapumziko. Mara tu baada ya adhana ya adhuhuri nilimkamata Tiffany sebuleni nikamwangalia kichwa kwa nguvu. Kidonda kimekuwa vitatu, kimoja kina usaha. Mimi ni nesi. Nimewaambia akina mama wangapi wasiache mambo kama haya? Nikachukua mkasi.

"Nakata hapa tu," nikamwambia. "Hapa nyuma tu. Hakuna atakayeona."

"Ni za Dani!"

"Dani amekufa, Tiffany!"

Sikuwahi kumwambia kwa neno hilo. Tulikuwa tumesema ameitwa, amelala, ameenda kwa Mungu. Mtoto alinitazama kama niliyemzaba kofi. Halafu akakimbia. Nilidhani amekwenda chumbani kwao. Nikaketi, mkasi mkononi, nikalia kidogo, nikaenda kunawa uso. Nilipotoka bafuni Bradley alikuwa amesimama jikoni anaangalia msumari mtupu.

"Mama, ufunguo wa Dani haupo."

Nilitoka bila viatu. Sakafu ya ua iliniunguza nyayo. Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Nikamwita, nikapiga mlango kwa viganja.

"Tiffany, fungua. Sikati. Nimeutupa mkasi."

"Nenda zako," akasema. Sauti yake ilikuwa karibu, kama yuko sakafuni.

Chumba kile kina bati juu na dirisha moja lenye nondo, na dirisha hilo nililiziba mwenyewe kwa maboksi mwezi uliopita ili vumbi lisiingie. AC nimeizima mwenyewe. Nilikimbia kuwasha swichi. Mashine haikuguna hata kidogo. Nikarudi mlangoni. Nikambembeleza, nikamwahidi kila kitu. Mwanzoni alijibu. Halafu akasema, "Naskia usingizi." Halafu hakusema kitu.

Najua joto linafanya nini kwa mwili wa mtoto. Nimewapokea wanaume wazima wakiletwa kutoka kazini, ngozi imekauka, hawajui majina yao. Yote niliyoyasomea yalinipita kichwani kwa mpangilio mzuri, na sikuweza kufanya hata moja kwa sababu ya ubao mmoja.

"Bradley, mwite Ronny!"

Ronny ni mlinzi katika hoteli moja West Bay, anapanga chumba upande wa pili wa vila. Anakesha kazini, mchana analala. Alikuja na bukta, macho mekundu, hajauliza swali. Alipiga mlango kwa bega mara ya kwanza, ukatikisika. Mara ya pili akatoa sauti ya maumivu. Mara ya tatu komeo liling'oka na kipande cha fremu.

Tiffany alikuwa amelala chini kando ya kitanda, amejifunika kanga ya Mama. Uso wa moto, midomo imekauka. Ronny alimbeba mbio mpaka bafuni kwetu. Nikamvua, nikamlaza sakafuni, nikammwagia maji, nikamwekea vitambaa baridi shingoni na kwapani, Bradley akipepea kwa kifuniko cha sufuria. Nilimwita jina. Nilimwita tena. Kope zikatikisika.

"Mama," akasema. "Kule ndani bado kuna harufu yake."

Akatapika juu ya mikono yangu, na sijawahi kufurahia kutapika kwa mtu kama leo.

Hospitali walimwekea maji ya dripu, wakamsafisha vidonda, wakaturuhusu kabla ya futari. Omondi alitukuta hukohuko. Alikuja na kadi yake ya ofisi bado inaning'inia shingoni. Alimsikiliza Bradley akimweleza yote, mpaka kwenye mkasi. Nilingoja anilaumu. Alinishika bega tu, akaketi kitandani kwa Tiffany.

Ronny amefungwa bega. Nilipompelekea chakula akasema, "Usinishukuru, Mama Bradley. Dani alikuwa ananiachia chapati dirishani kila nikitoka shifti. Na alikuwa anazifunika vizuri, mbili mbili. Hakuna mtu amenifanyia hivyo tangu nitoke nyumbani."


Ijumaa, 12 Agosti

Asubuhi niliwakuta uani kabla jua halijapanda. Omondi ameketi kwenye kigoda cha Mama, magoti yamekaribia masikio, na Tiffany katikati yake. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi na kichana cha mbao, na alikuwa anafumua nywele.

Mimi nilijificha nyuma ya pazia la jikoni.

"Baba, unajua?"

"Nina dada watano, mimi ndiye kitinda mimba. Unadhani nilikuwa nafanya nini Jumapili jioni?"

Alifanya polepole, mstari mmoja mmoja, anaanzia kwenye ncha. Palipojifunga anapaka mafuta anasubiri. Hakukata. Tiffany alikuwa analia lakini hakutoka.

"Zikiisha kufumuliwa, Dani atakuwa ameenda kabisa?"

Omondi alipaka mafuta mstari mwingine. Kisha akasema, "Unajua mimi na Dani hatukuongea. Miaka yote sita. Nilikuwa namsikia tu. Namsikia akiimba jikoni, namsikia akiwakemea nyinyi. Nikitoka kazini kabla sijafika mlangoni namsikia. Sasa nikifika pale getini nasimama kidogo. Bado nasimama."

"Kusikiliza?"

"Ndiyo."

"Na unasikia?"

"Sisikii, mama. Lakini nasimama."

Akajifuta uso kwa mkono wenye mafuta. Nami kule nyuma ya pazia nilimwona mume wangu kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Nilikuwa nimemhesabia ukimya wake kama ubaridi. Huyu mtu alikuwa amefiwa kama mimi, na mila haikumwachia hata njia ya kusema.

Hawakumaliza. Jua liliwafukuza.


Jumapili, 14 Agosti

Wamemaliza. Nimemwosha kichwa mwenyewe. Maji yalikuwa na rangi ya vumbi.


Jumanne, 30 Agosti

Idi. Shamira alikuja na sahani ya pilau kutoka kwa waajiri wake. Safari hii alipiga hodi. Nilimwomba aketi, nikamwambia pole kwa mara ile, kwamba nilimpokea vibaya.

"Nilijua," akasema. "Hata mimi ningekuwa wewe ningekasirika. Mtu anakuja kukuibia kilio."

Ndipo akanieleza. Mwaka juzi mtoto wake wa kiume aliugua malaria huko Masaka. Alikuwa na miaka mitatu. Simu ilikuja Ijumaa asubuhi: amekufa, wanamzika alasiri ileile. Kusafiri hakukuwezekana. Shamira alitoka akatembea bila kujua anakwenda wapi, akajikuta kwetu.

"Mama hakuniambia nisilie. Hakuniambia kazi ya Mungu. Alinikalisha akaanza kunisuka. Akamaliza. Halafu akasema, 'Huu mstari umepinda,' akafumua, akaanza upya. Ulikuwa haujapinda, Dada Carolyne. Nilikuwa na kioo. Akafumua tena. Alinisuka mpaka magharibi, mpaka nikajua kule wameshamaliza kuzika. Hapo ndipo akaniachia nisimame. Akasema, 'Sasa nenda, kesho uje tena.' Nikaja."

Ijumaa ile ya mwaka juzi naikumbuka. Nilitoka zamu nimechoka, nikakuta chakula hakijapikwa, nikanung'unika. Mama alisema vidole vinamuuma. Nilidhani ni baridi yabisi nikampa dawa.

Tulikula pilau tukiwa uani, mimi na Shamira, jasho linatutiririka, hakuna aliyetaka kuingia ndani.


Jumapili, 11 Septemba

Shule zimefunguliwa. Tiffany amekwenda na nywele nilizomsuka mimi. Zimeenda upande. Alijitazama kwenye kioo akasema, "Zitakua."


Ijumaa, 16 Septemba

Asubuhi ya leo upepo ulikuwa na ubaridi kidogo, wa kwanza tangu nirudi. Tulikwenda ufukweni Al Wakrah na sambusa, tukakaa kwenye mkeka. Bradley alitaka hadithi nyingine ya Dani alipokuwa mdogo. Nikafungua mdomo nikagundua sina. Ninamjua tangu aliponizaa mimi. Kabla ya hapo sijui kitu.

Nikampigia simu mama mkubwa Emily, dada yake Mama, aliye Ugenya. Nikaweka sauti nje ili wote wasikie.

"Huyo ni nani?" akauliza, na Tiffany akashtuka, akanishika mkono. Sauti ni ileile. Hata ule mkwaruzo mwishoni mwa swali. Mimi nilikuwa nimezoea, nimekua nikizisikia zote mbili, lakini mtoto hakuwahi kukutana naye.

Mama mkubwa alituambia jinsi Mama, akiwa na miaka saba, alivyotoroka siku ya ubatizo kwa sababu mchungaji alikuwa anatumbukiza watu mtoni na yeye aliogopa vyura. Walimkuta juu ya ghala la mahindi. Mchungaji akaja na ndoo. Akabatizwa kulekule juu, mchungaji kapanda ngazi, na alipomwagiwa maji akapiga chafya usoni kwa mchungaji. Omondi alicheka mpaka akalala chali kwenye mchanga. Bradley alidai isimuliwe tena, na mama mkubwa akaisimulia tena, safari hii vyura wakiwa wengi zaidi.

Kisha Tiffany akaichukua simu mwenyewe.

"Dani amelala wapi hapo nyumbani?"

Nilisogea ili nijibu mimi. Omondi akanigusa mkono niache.

"Mbele ya nyumba yake, upande wa kushoto ukitoka mlangoni," mama mkubwa akasema. "Babu yako yuko upande wa kulia. Mimi napita katikati kila asubuhi nikienda kukamua ng'ombe, nawasalimia wote wawili."

"Kila asubuhi?"

"Hata leo."

Tiffany alifikiri. Mawimbi madogo yalikuwa yanakuja yanarudi, na watoto wa watu walikuwa wanapiga kelele majini.

"Basi hayuko peke yake," akasema.

Akanirudishia simu, akavua viatu, akakimbia majini kumfuata kaka yake.